Mama mkwe wangu sasa anasikia, na mume wangu hajui

Admin, ukiposti hii naomba jina langu lisionekane, maana Watanzania wa Birmingham tunajuana mpaka sufuria zetu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mtu wa Tanga, naishi Hodge Hill. Mume wangu ni Mchina, tulikutana hapa hapa kazini. Tunaishi na mama yake, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, ambaye masikio yake yamekuwa mazito. Msianze kunihurumia kwa habari ya mama mkwe, huyu ni wa peke yake. Tangu nimeolewa nguruwe hajaingia jikoni kwetu, na si mimi niliyemkataza, aliamua mwenyewe. Kichina changu ni cha jikoni, Kiingereza chake ni cha dukani, tukikwama tunaiachia simu itafsiri. Tunacheka sana.

Mwaka jana hospitali walimpa mashine za masikio. Alizivaa wiki chache, akazitupa kwenye droo. Alisema kelele anazisikia, ila maneno hayashiki. Mume wangu akakata tamaa, akasema, "Mama ndiyo basi tena." Kuanzia hapo akawa anampigia dada yake katikati ya sebule, spika wazi, kwa Kichina. Mama hasikii, mimi sielewi. Mume wangu alijiona kama yuko peke yake sebuleni.

Mimi sina subira na vitu vya kukaa kwenye droo. Mwezi uliopita nikamrudisha Mama hospitali, mume wangu akiwa kazini. Mpimaji wa safari hii akaanza kwa kuuliza nyumbani anaongea lugha gani. Akanieleza kwamba kwenye Kichina sauti ikipanda au ikishuka, neno linabadilika maana, na mashine zile zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mtu wa Kiingereza. Akazirekebisha kwenye kompyuta. Kisha mkalimani wao akasimama nyuma ya kiti cha Mama, akamuuliza leo amekula nini. Mama akajibu bila kugeuka. Nililia pale pale.

Njiani Mama akaniomba tusimwambie mwanawe. Alitaka kumshangaza siku yake ya kuzaliwa, wamekaa mezani, amjibu neno kwa neno. Nikaona ni utani mzuri. Nywele zinamfunika masikio, nani angejua.

Jumamosi mume wangu akampigia wifi yangu kama kawaida. Mimi nakunja nguo, Mama anamenya vitunguu saumu. Nikaona ameacha kumenya. Mwanawe alipotoka, Mama akachukua simu yangu, akaongea taratibu, simu ikatafsiri: "Wananitafutia nyumba ya wazee. Mwanangu anasema wewe umenichoka, wewe ndiye unayetaka niondoke. Ni kweli?"

Jamani. Neno hilo sijawahi kulisema wala kuliwaza. Nilimwambia hapana kwa lugha zote ninazozijua, mpaka Kiswahili kikanitoka. Akanipapasa mkono akasema, "Sawa, sawa." Sijui kama ameniamini, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Siku hizi anaosha vyombo kabla sijaamka, kama mgeni anayeogopa kufukuzwa.

Mume wangu akiniuliza mbona nimenuna, namjibu kichwa kinaniuma. Nikimuuliza kwa nini amenisingizia, atajua kwamba Mama anasikia, na tangu Jumamosi Mama ameniapisha nisimwambie. Nikinyamaza, Jumapili wifi yangu anakuja kumaliza hayo mambo. Watakaa wote wawili mbele ya mama yao na kumpanga kwa raha zao, lawama zote juu yangu. Situlii. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia, juzi nimeshuka basi kituo kisicho changu.

Leo asubuhi Mama amenikabidhi mashine zake, akaniomba nizitie betri mpya kwa ajili ya Jumapili. Amesema hataki neno hata moja limpite.

Betri ninazo hapa kwenye mfuko wa koti. Wa kumtukana mume wangu naomba mniachie, huyo nitamalizana naye mwenyewe. Ninyi niambieni hili tu: nizitie nikae kimya, Mama ayasikie yote kwa masikio yake, au nimwambie mume wangu kabla hawajakaa mezani? Nipeni akili, yangu imeisha.