Uchochoro Ulioezekwa Bati

Ipo siku moja inayonirudia, mwanangu, kila nikiona watu wanasifia rangi za ramani iliyotundikwa ukutani.

Nilikuwa kijana, nachora ramani za viwanja katika ofisi moja pale Posta. Kazi nilijifundisha mwenyewe, nikajiona fundi. Tukapewa mtaa mmoja wa Kariakoo tuuchore kutokana na picha za angani. Kutoka Posta ni mwendo wa miguu tu, sikwenda. Nilikaa chini ya feni nikafuata kingo za mapaa. Palipo na paa moja, nikachora nyumba moja, kiwanja kimoja.

Baada ya miezi kadhaa akaja ofisini mjane mmoja, Bi. Mwanahawa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniweka nyumba moja na Salehe? Mbona hata posa sikuletewa?"

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Salehe, jirani yake, alikuwa amepata kibali cha kujenga ghorofa kwa ramani yangu, na mafundi wameshaanza kubomoa upande wa mama huyu.

Nilifuatana naye. Kati ya nyumba zile palikuwa na uchochoro, umeezekwa bati ili wauza mitumba wahifadhi robota zao. Ukitazama kutoka juu, bati lile liliunganisha mapaa mawili. Ukisimama pale chini, hata mtoto angeona nyumba mbili. Bi. Mwanahawa akasogeza pipa la maji, akanionyesha jiwe la mpaka.

"Lipo hapa tangu sijaolewa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilipomweleza mkuu wangu, alijibu, "Ramani imeshagongwa muhuri. Usituharibie kazi."

Jibu hilo linanichoma mpaka leo. Muhuri haupimi kitu. Niliandika barua kwamba nimekosea, nikaipeleka mwenyewe kwa waliotoa kibali. Mstari wa mpaka ulirekebishwa siku hiyohiyo, nyumba ikanusurika. Jiko la Bi. Mwanahawa lilikuwa limeshalala chini, na hakuna aliyelisimamisha.

Leo wewe umekabidhiwa ramani za watu, na vifaa vyako ni bora kuliko vyangu. Kabla hujaamini data yoyote ya ardhi, uliza ilipimwa lini, kwa kifaa gani, inaweza kukosea kwa mita ngapi, na nani alifika pale kwa miguu yake. Ukijibiwa "sijui," usitie saini, hata akikukaripia nani. Na ukikosea, sema kabla nyundo hazijafika.

Mungu akupe macho makini na miguu isiyo mivivu, na asitokee mjane wa kukuuliza ulikuwa wapi.