Nilivyomsalimia Shujaa wa Wachina

Naikumbuka kama ya jana, mwanangu, siku niliyompigia magoti mtu nisiyemjua, kaburini kwake, katika mji wa China ambao jina lake mpaka leo ulimi wangu unalikwepa. Ilikuwa mwaka 2014. Binti yangu Yusta alikuwa anahitimu udaktari huko, na mimi, mkulima wa maharage wa Kitahana, Kibondo, nikapandishwa ndege nikamwone akivaa joho. Habari za ndege usiniulize. Nilisali tangu inaruka hadi inatua.

Yusta alikuwa na mwalimu wake, Profesa Chen, ambaye alikuwa anafikiria kumbakiza amfundishe upasuaji. Yusta aliitamani nafasi hiyo kuliko chakula. Siku moja baada ya mahafali, profesa akatualika twende naye na mama yake kuzuru kaburi la baba yake, aliyeuawa vitani Chen akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mji mzima unamwita shujaa. Mwaliko ule haukuwa mdogo, na binti yangu alilijua hilo.

"Mama, nakuomba," akaninong'oneza njiani. "Hapa watu wanainama mara tatu, basi. Usije ukaanza mambo yetu ya Kibondo. Si wewe mwenyewe husema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho?"

"Nimekusikia," nikamjibu. Na kweli nilikuwa nimemsikia.

Kaburi liko juu ya kilima, ngazi mpaka magoti yakalalamika. Watoto wa shule walikuwa wamepanga maua juu ya jiwe. Chen akainama, Yusta akainama. Mama yake Chen, kikongwe mwenye fimbo, alisimama pembeni. Ikafika zamu yangu. Nikainama mara moja, moyo ukakataa.

Nilimkumbuka bibi yangu. Nilipokuwa msichana, nimetoka shule ya bweni na kichwa kimejaa Kiswahili cha redioni, tulipita kwa mzee mmoja kule Kumsenga, nikamtupia "Shikamoo!" huku natembea. Bibi akasimama katikati ya njia. "Rudi," akasema. "Umemrushia mzee salamu kama unawarushia kuku mahindi." Nikarudi, nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana Waha, na yule mzee akaniuliza habari za kila mtu wa kwetu, mbuzi wakiwemo. Niliondoka na kibuyu cha asali na furaha ambayo sikuitegemea.

Sasa nimwinamishie kichwa tu mzee wa watu, tena nyumbani kwake, kisha niondoke? Nikakusanya kitenge changu, nikapiga magoti, nikaanza makofi. "Mwakeye, mzee. Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha chetu. Nikamuuliza habari za huko aliko. Nikamwambia mwanawe amekuwa mtu mwema, amenitunzia mtoto ugenini. Watoto wa shule wakageuka kututazama, Yusta akafunika uso kwa mikono.

Hapo ndipo nilipogundua balaa nililojitakia. Kwetu ukishapiga magoti huinuki mpaka uitikiwe. Na huyu bwana ataniitikia vipi? Nikiinuka, nimemvunjia heshima. Nikibaki, binti yangu anapoteza nafasi yake kwa ajili ya kichaa cha mama yake. Nikaendelea kupiga makofi, jasho linanitoka.

Mara nikasikia fimbo inawekwa chini. Yule kikongwe akajishusha polepole hadi akafika ubavuni pangu, akaweka viganja vyake pamoja, akapiga. "Mwa-ke-ye," akasema. Mwanangu, nilitamani kumkumbatia! Kisha akasema maneno mengi ya Kichina, machozi na kicheko pamoja.

Yusta akatafsiri: "Anasema watu wengi huja hapa kumwinamia shujaa. Ni wewe wa kwanza kumsalimia mume wake. Anakuitikia kwa niaba yake."

Binti yangu naye akapiga magoti. Profesa akafuata, makofi yake yakipishana na yetu kabisa, na wale watoto wakadhani ni ngoma, nao wakapiga. Tulicheka pale kaburini hadi nikashika mbavu, na nina hakika mwenyeji wetu hakuchukia.

Tulipokuwa tunashuka, Chen akamwambia Yusta kwamba wagonjwa wanamhitaji daktari aliyelelewa kusalimu na kungoja kujibiwa, na kwamba Jumatatu aje kuanza. Siku hizi Yusta yuko Kasulu, na wazee wa Kasulu na Buhigwe wanasema daktari yule, kabla hajakugusa, kwanza anakupigia makofi.

Basi nikuase, mwanangu, kwa kuwa sasa nawe unakwenda ugenini. Ukienda kwa wenye chongo, vunja jicho lako, sikatai, maana mgeni asiyefuata ya mwenyeji ni mzigo. Lakini Mungu alikupa mawili. Hilo lililobaki litumie kuona kwenu. Wala usimtupie mtu salamu ukiwa unapita, awe hai, awe marehemu, awe mkubwa hadi kajengewa kilima. Simama, muulize habari zake, ungoje jibu.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia, wenyeji wakukaribishe ndani, na popote utakapopiga magoti kusalimu, asikose mtu wa kukuitikia.