Kisanduku Kisicho na Feni

Nyumba ya Zoubeda, mjini Moroni, ilikuwa na simu ya waya tangu zamani, na mwaka huo waya uleule ukaanza kuleta intaneti. Aliyeitaka ni Faouzia, binti yake. Aliyejua kuitumia ni Elarif, mume wa Faouzia, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali. Lakini nyumba ilikuwa ya Zoubeda. Ndivyo zilivyo nyumba za Ngazija: za mama leo, za binti kesho. Mwanamume huingia na begi lake, na siku akitoka hutoka nalo. Basi chochote kilichoingizwa ndani kililetwa kwanza mbele ya Zoubeda.

Mwanawe wa kiume, Anziz, naye alikuwa ameingia na begi lake katika nyumba ya mkewe, Noussaïba, huko Mutsamudu, kisiwani Nzwani, hatua chache kutoka bandarini. Noussaïba alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Na Nzwani ilikuwa imejitenga. Meli hazikwenda, simu za kawaida hazikupita, na mjini Moroni watu walisema askari wanakusanyika kisiwani Mwali, wakingoja amri ya kuvuka.

Ofisi aliyofanyia kazi Anziz ilikuwa na dishi lake la setilaiti juu ya paa. Kila Ijumaa, wenzake wakiwa wamekwenda kula baada ya sala, alipiga simu kwa kompyuta, na Zoubeda akakaa mbele ya kompyuta ya Elarif kumsikiliza. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia: ondokeni bandarini, mchukue mkeo mwende Koni, milimani, kwa shangazi zake. Neno hilo lilikuwa halijafika. Kila mara sauti ilikatikakatika kama mtu anayezungumza huku akizamishwa majini.

"Si Nzwani inayoharibu," alisema Elarif, akiangalia chini kama alivyozoea mbele ya mkwewe. "Ni hapahapa, mama. Waya ni mmoja."

Ilikuwa kweli. Waya huohuo ulipitishwa ukutani hadi nyumba ya pili, kwa Kalathoumi, mdogo wake Zoubeda, na Kalathoumi alikuwa na ugonjwa wa kutazama kwenye intaneti video za harusi za jamaa wa Marseille.

"Dada!" alipiga kelele kutoka kwake. "Bwana harusi amekwama, mguu mmoja ndani ya gari!"

"Mwache akae humohumo!" alijibu Zoubeda.

Elarif akasema inatakiwa seva ndogo ya kukaa mlangoni mwa intaneti: yote yapite kwake, yeye aamue nani atangulie. Simu kwanza, harusi baadaye. Zoubeda alisoma madarasa machache tu, lakini jambo la mlinzi mlangoni alilielewa mara moja. Akajitanda shiromani wakaenda soko la Volo Volo.

Muuzaji wa kompyuta kuukuu alikuwa Mzé, Msabena kama Zoubeda. Ndilo jina walilopewa, kutokana na jina la shirika la ndege zilizowabeba, Wangazija waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, mwaka sabini na saba, baada ya wenzao kuuawa huko. Zoubeda alikuwa msichana wa shule wakati ule. Alipanda ndege na mama yake. Baba yake alisema atafuata, abaki kidogo kulinda duka. Hapakuwa na habari zake tena, si nzuri wala mbaya.

"Dada Zoubeda," alisema Mzé, "hatimaye umekuja kununua akili?"

"Ungekuwa nayo ungeiuza? Tuonyeshe mashine."

Elarif aliipenda kompyuta kubwa ya ofisini, yenye nguvu na diski mbili. Zoubeda akaomba iwashwe. Akainama, akaitegea sikio.

"Inapumua," alisema.

"Ni feni, mama."

"Inavuta hewa ndani?"

"Inavuta."

"Na majivu je?"

Elarif akaizima mashine. Mlima Karthala ulipolipuka miaka michache nyuma, majivu yaliingia hadi ndani ya sukari, na redio ya Zoubeda haikusema tena. Juu ya hayo kuna moshi wa udi aliofukiza kila Alhamisi. Kitu chenye pua hakitaishi nyumbani kwake. Na umeme ukikatika, kama ulivyokatika kila siku, jitu lile lingezimika papo hapo.

Wakatazama na kompyuta ya kukunja, yenye betri yake, lakini Elarif alisema ina tundu moja tu la waya, naye anataka mawili: moja la kuingilia, moja la kutokea. Ndipo Mzé akatoa chini ya meza kisanduku cha chuma, kizito kwa udogo wake, mgongo una matuta kama ya shamba. Hakina feni wala diski inayozunguka. Vyote kilivyonavyo kimevibeba katika kadi ndogo. Matundu matatu ya waya. Kinaweza kula hata umeme wa betri ya gari.

"Nguvu zake ni chache," alisema Elarif.

"Tunataka kibebe magunia?" aliuliza Zoubeda.

"Kupanga simu na harusi, kinatosha."

"Chuma chenyewe ndicho feni yake," alisema Mzé, akipapasa matuta. Zoubeda akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Walipokuwa wakifunga mzigo, Mzé akasema, bila kumtazama, "Mwaka jana nilikwenda Majunga kuchukua bidhaa. Nilipita dukani kwenu. Bado lipo. Wanauza sabuni."

Zoubeda akamshukuru, akaaga.

Elarif alikifunga kisanduku sebuleni, juu ya kabati la vyombo vya harusi, na betri ya gari chini yake. Kilifanya kazi. Kalathoumi alilalamika, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Kesho yake Zoubeda akakitandikia juu kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake, kile alichofunikia redio zamani, kikashuka pande zote hadi kwenye mbao. Kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni.

Elarif alikiona. Alisimama mbele ya kabati kwa muda, kisha akatoka. Mkwe wa kiume hafunui kilichofunikwa na mama wa mkewe, wala hamfundishi kutunza nyumba yake. Alimwambia Faouzia, "Mwambie mama, kitambaa kile…" Faouzia akasema atamwambia. Kisha mgeni akaja, na wali ukaungua, na neno likapotea.

Ijumaa ikafika, jua kali, bati linalia. Simu ikaingia, na sauti ya Anziz ilikuwa safi kama yuko barazani.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Ondokeni hapo."

"Mimi nataka. Noussaïba hataki. Nimekuja naye leo, sema naye mwe—"

Kimya. Taa ya kisanduku ilikuwa imezimika. Faouzia akashika mdomo. "Kitambaa!" alisema. "Elarif aliniambia!"

Zoubeda hakugombana na mtu. Alikivuta kitambaa, akagusa chuma, akaurudisha mkono haraka. Kisha akachukua kipepeo cha jikoni akaanza kukipepea kisanduku kama jiko la makaa. Elarif alisimama mlangoni. "Endelea hivyohivyo, mama," alisema kwa sauti ndogo. Baada ya muda akabonyeza nyuma, taa ikarudi.

Simu ikaingia tena. Safari hii alikuwa Noussaïba.

"Mama, shikamoo. Usinikasirikie. Hii ni nyumba yangu. Nikiiacha, nitakuta nini?"

Zoubeda alikuwa na nyumba pia. Aliendelea kupepea.

"Baba yangu alibaki kulinda duka," alisema. "Duka lipo hadi leo, mwanangu. Wanauza sabuni."

Taa ilikuwa inawaka, na pumzi ilisikika upande wa pili.

"Haya," alisema Noussaïba. "Nitampa mama yangu ufunguo. Kesho tutapanda Koni."

Jioni Zoubeda alimuuliza mkwewe kwa nini hakukiondoa kitambaa.

"Kitambaa ni chako, mama."

"Na mashine?"

"Nayo ni yako."

"Basi siku nyingine niambie mwenyewe. Usinitumie Faouzia; huyu hatumwi chumvi."

Ijumaa iliyofuata Zoubeda alikaa mahali pake tangu sala ilipokwisha. Kisanduku kilikuwa uchi juu ya kabati, vumbi kidogo kwenye matuta. Simu haikuingia.

"Kinafanya kazi?" aliuliza.

"Kinafanya, mama."

Alitazama taa ikiwaka, akaitazama tena. Ofisini Mutsamudu hakukuwa na mtu wa kupiga; basi wamepanda Koni. Akainuka, akasogea ukutani.

"Kalathoumi! Chukua waya, bwana harusi wako ashuke garini."