Sifuri ya Kumjua Mungu

Nilimpa mtoto wa miaka minane sifuri ya kumjua Mungu.

Kwa kalamu nyekundu. Na sahihi nikaweka.

Msinicheke bado. Subirini nifike mwisho, ndipo mnicheke vizuri.

Mimi ni mwalimu wa malezi ya kiroho katika shule moja ya msingi ya Kikristo. Kazi yenyewe tamu: unaimba na watoto, unawasimulia habari za Danieli na simba, unarudi kwenye chai yako. Tatizo lilikuwa mwalimu mkuu, ambaye kwa siri tulimwita Mama Rula. Yeye aliamini kisichopimwa hakipo. Siku moja kikaoni, mbele ya wenzangu, akaniuliza watoto wanakua kiroho kwa asilimia ngapi.

Aibu ya swali lile ndiyo iliyonifanya nitengeneze fomu.

Ilikuwa na safu tano za alama kumi kumi: kufumba macho, kukunja mikono, kukariri mistari, sauti ya amina, na uso wa ibada. Uso wa ibada niliubuni mwenyewe, na mpaka leo sijui ni uso gani. Asiyefumba macho alikosa alama zote, maana huwezi kumkodolea Mungu macho halafu ukadai una uso wa ibada.

Mama Rula aliipenda mno. Akaongeza sheria yake: sifuri mihula miwili mfululizo, mzazi amtafutie mtoto shule nyingine.

Bingwa wetu alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa bodi, aliyeitwa Mchungaji Mdogo. Hamsini kwa hamsini. Huyo akishika maombi, walimu tunabadilisha mguu wa kusimamia mara tatu.

Wa mwisho alikuwa binti wa fundi wa kuchomelea vyuma. Wenzake walimwita Tochi, kwa sababu macho yake hayakuzimika. Nilimwonya, nikamsimamisha mbele, nikamhamisha kiti. Kesho yake namkuta palepale kando ya rafiki yake, macho kodo.

Muhula wa kwanza sifuri. Muhula wa pili hajabadilika, nikamwita mzazi.

Baba yake alikuja na ovaroli la kazini, mikono imejaa makovu ya cheche. Akaisoma fomu taratibu mpaka chini.

"Mwalimu, ulijuaje kwamba hafumbi?"

"Namwona."

"Wakati wa maombi?"

"Mimi nasimamia, mzee."

Akaniomba nisipeleke jina la mwanawe ofisini mpaka ibada ya Ijumaa ipite, azungumze naye kwanza. Hakuwa na shule nyingine ya karibu ya kumpeleka. Nikamkubalia, tena kwa madaha, kama mtu anayetoa sadaka.

Ijumaa bodi nzima ikaja. Mwenyekiti aliketi akinitazama usoni, kwa hiyo kwa mara ya kwanza muhula ule nami nikafumba macho.

Mchungaji Mdogo akaanza. Akaombea mataifa, wasafiri, bodi, na paa la ukumbi. Hapo kwenye paa nikasikia kiti kinaburuzwa, kisha kishindo kidogo. Nikafumbua.

Yule rafiki wa Tochi alikuwa chini, mwili wote unatetemeka. Tochi alishamlaza ubavu, sweta lake amelikunja chini ya kichwa cha mwenzake, na kwa mguu anasukuma viti visimuumize. Hakupiga kelele. Watoto mia mbili na bodi yao walikuwa wamefumba macho, wote na nyuso za ibada za kumi kwa kumi.

Nilipofika, mtetemeko ulikuwa unaisha. Na mimi, bila haya, nikamuuliza kwa nini hafumbi macho.

"Mwalimu, ana kifafa. Mama yake anaogopa atafukuzwa, akasema tusimwambie mtu. Sasa tukifumba wote, nani atamwona?"

Niliona aibu. Nyuma yangu amina ikaitikiwa, kisha mtu akanivuta shati. Alikuwa Mchungaji Mdogo.

"Mwalimu, nimepata ngapi?"

Najua mnangoja niseme shule ilibadilika. Ilibadilika. Mama Rula alilia kwelikweli, akamkumbatia Tochi, akawahakikishia wazazi wa mgonjwa kwamba hakuna atakayefukuzwa.

Jumatatu akaniagiza niongeze safu ya sita: huruma. Alama kumi.

Jumatano watoto saba walianguka wakati wa maombi. Wote wazima wa afya. Wawili wakagombania kumwekea Mchungaji Mdogo sweta chini ya kichwa, naye pale chini akafumbua jicho moja kuona kama naandika.

Tochi hakusogea. Alikaa kando ya rafiki yake, anaangalia.

Mchana ule nilirudisha fomu zote ofisini zikiwa tupu. Mama Rula hakugomba. Alifungua faili langu, akatafuta ukurasa wa ukuaji wa kiroho wa mwalimu, akaniandikia sifuri kwa kalamu nyekundu na kuweka sahihi. Nakala yake nimeibandika sebuleni. Wageni wakiuliza, nawaambia ndiyo alama pekee ya haki iliyowahi kutolewa pale kwa kumjua Mungu.

Haya, sasa chekeni. Ila mkimaliza, shikeni hili: mtoto akijua unampima imani, atakupa unachopima, na imani ataiweka kwingine.

Siku hizi kwenye ibada tuko wawili tusiofumba macho. Mmoja anajua anachoangalia. Mwingine ni mwalimu wake, bado anajifunza.