Mwali Wangu wa Jua

Mkicheka, chekeni polepole, maana hata leo nikipita Magogoni, anakoishi shangazi yangu, naona haya, nakaza mwendo kama mtu anayefuatwa.

Kazi yangu ni kutazama jua. Si kwa macho (nani anataka upofu?), bali tunaipitisha nuru yake kwenye chombo inagawanyika rangi rangi, na katikati ya rangi mna vimistari vyembamba, hivyo ndivyo vinavyotoa siri. Gesi ya jua ikiruka kuja upande wetu, mstari husogea kwenye buluu. Ikituacha, husogea kwenye nyekundu. Huko kuruka wenzangu hukuita jeti, lakini nilipompigia Shangazi Kadzo, aliyenilea mama alipofariki, niliona nikisema jeti atadhani nimepata kazi uwanja wa ndege kule Changamwe, basi nikajitia kuchagua Kiswahili safi.

"Shangazi, Jumapili nakuja na mwali wangu. Nataka kuwaonyesha watu wa kanisa."

Akauliza: "Mwali huyo umempata wapi?"

Huyo! Mtoto wa pwani angeshtuka papo hapo, kwamba mwali wa moto ni huo na mwali huyo ni msichana wa kuolewa, lakini mimi nimekaa mno Nairobi, ambako kila kitu ni "hiyo", na isitoshe nilikuwa na haraka (mimi situlii), nikadhani ananitania.

"Kazini," nikajibu.

"Na tabia?"

"Moto mtupu, Shangazi."

Jumapili nikashuka kwenye tuktuk na begi langu, nikapokewa kwa vigelegele. Kina mama wa kanisa wamevaa leso za sare, kuku wa nazi ananukia mpaka barabarani, na uani kuna viti viwili vimepambwa maua. Mama Riziki, jirani yetu, akachungulia ndani ya tuktuk, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Mwali yuwapi?"

Nikatoa kompyuta. "Huu hapa."

Vigelegele vikakatika. Shangazi akaingia jikoni, nami nikamfuata nikigongana na masufuria. Alikuwa akipakua wali bila kunitazama.

"Nimewaambia watu wote, Kazungu. Nimesema Mungu amenipa kumwona kabla moyo wangu huu haujasimama."

Nilitamani kulia. "Niwaambie waende?"

"Waende na njaa, na walivyovaa vile? Toka ukawaonyeshe hicho ulicholeta."

Basi nikaiweka kompyuta juu ya kiti cha mwali, jasho linanitoka, naruka kutoka picha hii hadi ile kabla hawajaiona vizuri, mpaka Mama Riziki akanishika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Mstari huo mbona umekwenda upande, umeharibika?"

"La, Mama. Umesogea kwenye buluu. Maana yake mwali unatujia."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "Anakuja?"

"Unakuja," nikasema.

"Basi mmesikia," akawageukia wenzake. "Yu njiani. Haya, kuleni."

Nimeapa sitalitamka tena neno mwali pwani bila kulifunga na "huo" wake. Lakini kila Jumapili Shangazi hupiga simu, haulizi afya yangu wala kazi, huuliza tu, "Bado yu buluu?" Nami hujibu ndiyo, kwa sababu sina ujasiri wa kumwambia kwamba ule mwali uligeuka nyekundu siku ile ile, ukashuka, ukazima.