Nozeli ya Mzee Beda

Tangu Cornelia aanguke kutoka juu ya lori la mahindi, miaka minne sasa, bega lake la kulia halipandi kupita kidevu. Kukoroga uji anaweza, kuosha kabichi za sokoni anaweza, kushika jembe hawezi. Ndiyo maana baba yake, mzee Beda wa Pito, hakumwachia ng'ombe wala bati. Alimwachia pawatila, mashine ya kulimia yenye mikono miwili na injini moja ya dizeli, kuukuu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka ilikuwa rangi gani. Wosia huo aliutoa mbele ya katekista, wiki chache kabla kiharusi hakijamfunga ulimi.

Ukoo haukubisha, ila shangazi Kristiana, dada wa marehemu, alitia neno lake. Na huyo akitia neno, wanaume hutazama chini. "Chuma hakikai bure," alisema siku ya kumaliza msiba. "Mvua ya kwanza ikinyesha haijawaka, Adolfu anaipeleka Ilemba ikalime mpunga." Adolfu ni mwanawe wa kumzaa. Cornelia alikubali palepale, maana ilikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita nani anaogopa mvua?

Novemba ikafika. Upepo uliokuwa ukipuliza vumbi mjini Sumbawanga ukatulia, na kila mchana wingu likawa linakaa juu ya milima ya Mbizi. Cornelia alilitazama wingu hilo hadi shingo ikamuuma. Bila mashine asingelima, na bustani yake ya kabichi isipolimwa ukoo ungempa mwingine, kisha yeye angebaki mtu wa kuwekewa chakula kwenye sahani na wake wa kaka zake. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na haja ya kujidanganya.

Siku ya Jumanne alimleta fundi Anyosisye, mtu wa Mbeya mwenye kibanda chake mjini, mgonjwa wa mgongo lakini mjuzi wa injini. Fundi alimwaga dizeli iliyooza, akaosha chujio, akabadilisha mpira wa mafuta. Kisha akainama, akachungulia ubavuni mwa injini.

"Mama, hii haina nozeli."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo inayopulizia mafuta ndani. Bila hiyo hata uite askofu haiwaki." Akaonyesha tundu lililozibwa kwa kitambaa. "Kuna mtu kaitoa. Na mashine za toleo hili zimekwisha. Nikiagiza Mbeya watanitafutia wiki mbili, au wasiipate."

Cornelia alitazama Mbizi. Wiki mbili hazikuwepo.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa namna ambayo mtu wa jumuiya ndogo ya kanisa peke yake ndiye angeiweza. Jumatano walisali nyumbani kwa jirani, na ulipofika wakati wa maombi ya waamini, kila mtu akitaja la kwake, Cornelia akafumba macho akasema kwa sauti: "Tumwombee yule aliyechukua nozeli ya marehemu baba, yule aliyelala chumba cha zana wakati wa msiba. Mungu amguse moyo, airudishe. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakaitika watu, maana mdomo huitika kabla akili haijafika. Halafu akili ikafika. Chumba cha zana, wakati wa msiba, alilala Adolfu, na Pito nzima ilijua. Kabla chai haijaisha habari ilikuwa imeshatoka mlangoni.

Alhamisi asubuhi Cornelia alikwenda kuifunika mashine kwa turubai, akiwa na hasira bado. Akakiangalia kile kitambaa cha tundu. Kilikuwa safi, kimekunjwa mara nne, kimefungwa kwa kamba ya katani. Fundo lilikuwa la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini, fundo ambalo mzee Beda alifungia magunia yake ya maharage maisha yake yote. Adolfu hafungi hivyo. Na mwizi gani anaiba kifaa kisha anaziba tundu vumbi lisiingie?

Akakaa juu ya tairi. Baba yake alikuwa amechoka na waazimaji. Kila msimu pawatila ilizunguka kijiji kizima na kurudi na ugonjwa mpya. Alikuwa ameitoa nozeli mwenyewe, akaificha, kisha kiharusi kikaja. Na mzee wa Kifipa akitaka kuficha kitu kisiguswe, anakificha wapi? Cornelia aligeuza kichwa taratibu kuelekea kihenge cha ulezi, ghala la nafaka la baba yake.

Mahindi huliwa na mdudu, lakini ulezi hukaa miaka bila kuharibika, kwa hiyo kihenge cha ulezi ni cha mwisho kufunguliwa. Cha mzee Beda kilikuwa kimezibwa kwa udongo na majivu, alama za vidole vyake bado zikionekana. Cornelia aliugusa ule udongo. Angeweza kuuvunja kwa ngumi moja. Lakini kwao kihenge cha marehemu hakifunguliwi na mtoto wake. Hufunguliwa na dada wa marehemu, na dada wa marehemu alikuwa ni mmoja tu, mama yake Adolfu.

Ijumaa nzima hakwenda. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Usingizi ulimpa kisogo, uji ukamshinda. Jumamosi mchana wingu lilishuka Mbizi likaja moja kwa moja, jeusi, na ndipo hofu ya mvua ikaishinda hofu ya shangazi. Akampigia fundi simu aje haraka, kisha akafunga kanga kiunoni akaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu Kristiana, bila kumkaribisha kiti. "Umekuja kutusalia tena?"

Cornelia alimweleza yote, fundo, kitambaa, kihenge, akiwa amesimama uani na machozi yakimtoka. Kristiana alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua jembe dogo akamwita mwanawe, na watatu hao wakatembea hadi kwa marehemu, ambako bodaboda ilikuwa ndiyo kwanza inamshusha fundi.

Shangazi alibomoa udongo, akazamisha mkono ndani ya ulezi hadi begani. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Hatimaye mkono ukatoka na kopo la kahawa lililofungwa kwa katani. Ndani, katika grisi na nailoni, mlikuwa na chuma kirefu kama kidole.

"Ndiyo yenyewe," alisema fundi, akinyoosha mkono.

Kristiana hakumpa. "Subiri. Cornelia, ulimsema mwanangu mbele ya Mungu. Msafishe mbele ya Mungu."

"Hapa, shangazi?"

"Sasa unataka wapi? Wingu lile halisubiri Jumatano."

Cornelia akapiga magoti kwenye maganda ya ulezi. "Tumwombee ndugu yangu Adolfu, ambaye hakuchukua kitu. Nilimsingizia. Nilikuwa naogopa. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," akaitika Kristiana peke yake, kwa sauti kavu, na kumpa fundi kopo.

Fundi alifunga nozeli, akatoa hewa kwenye mpira, akasimama akishika mgongo. "Mimi mwisho wangu hapa. Azungushe mwenye nguvu."

Wote wakatazama hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuwashia. Bega la Cornelia lisingeweza. Shangazi alikuwa mzee. Alibaki Adolfu, ambaye mashine isipowaka ingekuwa yake.

Adolfu alitema mate viganjani. Alizungusha mara ya kwanza, injini ikakohoa. Mara ya pili hata kukohoa haikukohoa, na tone la kwanza likaanguka juu ya tangi. Cornelia alimtazama mikono tu, kuona kama anazungusha kwa dhati. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Mara ya tatu moshi mweusi ulitoka, chuma chote kikatetemeka, na pawatila ya mzee Beda ikanguruma mvua ikimwagika juu yake.

Walipoizima, Adolfu alichomoa hendeli akamnyooshea Cornelia. "Shika, dada. Isije ikapotea ukaniombea tena."

Cornelia aliipokea kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa nzito na baridi. Mashine alikuwa ameipata, ila hakuwa na mkono wa kuiwashia. Akairudisha kifuani kwa Adolfu.

"Kaa nayo wewe. Kesho tukitoka misa ya kwanza uje uiwashe."

Adolfu aliikwapua, akaondoka na mama yake kwenye mvua bila kusema ndiyo wala hapana.

Kesho yake, baada ya misa, Cornelia alibandika chai, akaweka vikombe viwili, akakaa kizingitini kwa wasiwasi. Njia ilikuwa tope tupu, hakuna mtu. Chai ikachemka, akaiepua, akaibandika tena. Halafu, kabla hajaona kitu, akasikia hendeli ikigonga kwenye fremu ya baiskeli.