Ukuta Uliongoja Kiangazi

Natalina alikuwa msimamizi wa madobi katika hoteli moja mjini Juba, pale Hai Amarat, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu ilikuwa na mwisho. Shuka linaingia chafu, linatoka jeupe, linakunjwa, basi. Alikuwa Mwacholi wa makamo aliyekulia Kitale wakati wa vita, akasomea huko, kisha akarudi Juba na Kiswahili chake cha Kenya. Mumewe, Arkangelo, aliendesha lori njia ya Nimule, na binti yao Achan alikuwa shule ya bweni Gulu. Siku nyingi, basi, nyumbani Munuki walibaki watu watatu: Natalina, baba mkwe wake Mzee Celestino, na mpangaji wao Omondi, mwashi wa kutoka Siaya aliyekaa Juba hadi akawa anawaza bei za sokoni kwa Kiarabu.

Nyuma ya ua wao ilipita khor, mkondo wa maji ya mvua. Kiangazi ilikuwa korongo kavu la chupa na mifuko ya plastiki, mbuzi wakishuka humo kutafuna maganda. Mvua ikinyesha upande wa Jebel Kujur, korongo lilijaa maji mekundu, yakapita yakinguruma, kesho yake watoto wakashuka tena kuokota chupa. Tukul ya Mzee, nyumba ya msonge ya udongo, ilikuwa upande wa chini, karibu kabisa na ukingo. Mwenyewe alipachagua kwa ajili ya upepo.

Mwaka mmoja maji yalipanda hadi kizingiti chake, yakasimama pale, yakarudi. Mzee aliisimulia habari hiyo kila mgeni alipokuja.

"Maji yalibisha hodi," alisema, "yakanikuta nimelala. Yakaona haya, yakaenda zake."

Watu walicheka, na Natalina alicheka nao. Kadiri kisa kilivyorudiwa ndivyo kila mtu pale uani alivyozidi kuamini, bila kutamka, kwamba kizingiti kile ndio mpaka, na kwamba maji yenyewe yanaujua.

Omondi peke yake hakucheka. Jioni moja alizunguka tukul, akachokonoa udongo wa chini kwa kidole, ukamomonyoka.

"Mama Achan," alimwambia Natalina, "huyu mzee ahamie chumba cha huku juu. Halafu tuinue ukuta hapa nyuma, msingi wa mawe. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta," Mzee alidakia kutoka kitini. "Fundi anatafuta kazi huyu!"

"Sitaki hata senti, Mzee. Matofali ninayo, yamebaki kule tunakojenga."

Na kweli aliyaleta, akayapanga kando ya ua. Arkangelo aliporudi kutoka Nimule wakaketi, wakakubaliana: ukuta utajengwa, Mzee atahama. Hakuna aliyepinga. Usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu, kana kwamba kazi imeshakwisha.

Ukuta ulisubiri Krismasi ipite. Baada ya Krismasi Arkangelo akapata safari mfululizo. Kisha ukawa msiba wa shangazi kule Magwi, kisha Kwaresima, kisha jua likawa kali mno kwa kazi ya mawe. Hizo ndizo sababu walizozitoa wakiulizwa, ila zilikuwapo pia wiki nyingi ambazo hazikuwa na msiba wala safari wala lolote. Jumamosi ilifika, Natalina akayatazama matofali, kuku wamelala juu yake, akasema "bukra", yaani kesho, akaenda kuteka maji. Hakuwa mvivu. Hakuna mtu aliyepata kumwita mvivu.

Kuhusu kuhama, alimjaribu Mzee mwenyewe.

"Baba, chumba cha juu nimekipiga deki. Leo tubebe kitanda?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Binti yangu, nimekimbia Magwi. Nimekimbia Torit. Juba hii hii nimeikimbia, nikarudi, nikakimbia tena. Kila mara nilibeba kitanda. Sasa nikimbie na maji? Niache kwanza nipumzike."

Natalina hakusisitiza, kwa kuwa alimwelewa kupita kiasi. Yeye mwenyewe, baada ya vita vya mwisho mjini, aliweka begi mlangoni: nguo, vyeti, dawa, unga kidogo. Siku zikapita bila risasi. Achan akahitaji blanketi la bweni, likatolewa begini. Dawa zikaisha muda. Unga ukaliwa. Mwisho begi likawa tupu, akaenda nalo sokoni Jebel kununua vitunguu. Mtu aliyekaa miaka mingi akitega sikio usiku hufika mahali sikio likachoka, na uchovu huo ukafanana sana na amani.

Mvua za kwanza zilipoanza, tangazo lilisomwa kanisani: wanaokaa kando ya khor wahamie juu, mwaka huu maji yatakuwa mengi. Baada ya misa akina mama walisimama uani wakalizungumza kwa kirefu, nani yuko hatarini, nani anaweza kwenda kwa nani. Natalina alitoa mawazo mazuri, wakamsifu. Alirudi nyumbani na moyo mwepesi, akapika.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi, mchana. Pale Amarat jua lilikuwa linawaka, lakini upande wa Jebel mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kambini. Natalina aliiona akiwa katikati ya kamba za nguo. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wenzake waanue mashuka. Walianua yote, mbiombio, hata moja halikupata tone. Meneja akapita akasema, "Vizuri, Natalina, wewe hukamatwi." Akaketi kukunja. Alipokuwa amemaliza nusu ya rundo ndipo mikono yake iliposimama yenyewe.

Alimpigia Omondi. "Fundi, uko wapi? Hebu niangalizie Mzee."

"Niko kazini, Mama Achan, lakini nakwenda sasa hivi. Huku tayari watu wanakimbia upande wa khor."

Natalina alichukua boda. Munuki kulikuwa na manyunyu tu, mvua isiyomzuia mtu hata kuanika nguo. Lakini barabara ya kwao ilikuwa imekatwa na maji mekundu yaliyobeba viti, mabati, mlango mzima. Alishuka, akavua viatu, akaingia. Maji yalimfika kiunoni. Watu walimpigia kelele arudi, naye aliwasikia kama watu wanaoongea chumba cha pili.

Omondi alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama palipokuwa tukul, yeye na vijana wawili, wakifukua tope kwa mikono na kulivuta paa lililolala chini zima zima. Maji hayakuwa yamemchukua Mzee. Yalilowesha udongo tu, na ukuta ukamwangukia kitandani.

Walimtoa, tayari amekata roho, wakamlaza juu, kwenye chumba kilichopigwa deki. Omondi alijifuta tope mikononi.

"Mlango ulikuwa wazi," alisema. "Angeweza kutoka. Jirani anasema alimwita, akajibu, 'Yatarudi tu haya.'"

Natalina alisikia maneno hayo, akaitika kwa kichwa. Akaomba ndoo. Alimwosha Mzee uso, akamtoa tope masikioni kwa ncha ya kitambaa, taratibu, vile anavyotoa doa kwenye foronya. Alingoja kilio kije. Hakikuja. Ndani mwake palikuwa kama mguu uliolaliwa: unajua ni wako, unaubonyeza, hausikii kitu.

Arkangelo alifika kesho yake. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti, wakakalia matofali. Hakuna aliyesema neno juu ya matofali hayo. Padri alizungumza juu ya mapenzi ya Mungu, na mwanamke mmoja aliyekaa kando ya khor vilevile alimshika Natalina mkono akasema, "Malesh, dada, pole. Nani angejua?" Natalina akajibu, "Kweli, nani angejua," kwa sababu hilo ndilo jibu linalotolewa.

Baada ya maziko Arkangelo alikoroga saruji akaanza kujenga. Alijenga peke yake siku nzima, mstari ukaenda upande, kwa maana hakuwa fundi. Omondi alimtazama kwa muda, kisha akachukua mwiko mkononi mwake, akabomoa mstari ule na kuanza upya. Natalina aliwaletea chai. Hakumwuliza mumewe ukuta ni wa nini sasa.

Kabla mvua hazijakwisha walihamia Gudele, kwenye mwinuko. Omondi naye alipata kazi Torit akaenda. Natalina aliendelea na mashuka yake. Alikula, alilala, aliitika akiitwa. Achan alipokuja likizo alimwuliza, "Mama, mbona hulii?" akamjibu kwamba atalia kazi ikipungua.

Kiangazi kilipoingia, vijana wawili waliooana karibuni walitaka kupanga ile nyumba yao ya Munuki. Natalina alikwenda kuwaonyesha. Mwanamke alikuwa mjamzito. Korongo lilikuwa kavu, mbuzi wako ndani yake, na upepo ulikuwa mzuri.

"Hapa maji yalipanda," Natalina alisema. Aliwaonyesha alama nyekundu kwenye lango la ua, upande wa barabara, juu ya kiuno chake. "Baba mkwe wangu alifia pale. Ukuta huu wa nyuma ni mfupi. Mkikaa, mvua ya kwanza tu muondoke."

"Malesh, mama," kijana alisema, na alimaanisha. Aliutazama ukuta, akaupiga kofi, akaona ni imara. "Tutaondoka. Mvua bado mbali. Tukiona mawingu tutajipanga."

Mkewe aliitika kwa kichwa, huku ameshaanza kupima kwa macho mahali pa kuweka kitanda.

Natalina alirudia mara ya pili, polepole, kwa Kiarabu cha Juba, ili asiwe ameeleweka vibaya. Waliitika tena, kwa heshima ile ile. Akawapa ufunguo, akatoka hadi kituo cha boda, akaketi nyuma ya dereva, na kabla hawajafika barabara kuu machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa mengi. Dereva alimwuliza kama ni vumbi, akasema ndiyo.